Mume wa Mjane

Sehemu ya nne

Juma lililopita niliwaacha pabaya, na mimi mwenyewe nilikuwa pabaya zaidi. Kwa aliyekosa gazeti: mimi ni Cyrille, baba wa watoto wawili, Princesse na mdogo wake, niliyeondoka Kalemie kwa kelele nyingi kwenda kuchimba bati Manono. Niliwaambia watu wote wa avenyu, yaani mtaa wetu, kwamba nitarudi juu ya pikipiki mpya. Nilirudi na mfuko wa plastiki na mguu mbovu, na kwa aibu niliingia nyumbani kwangu bila jirani hata mmoja kuniona.

Nikamwambia mke wangu Evodie asimwambie mtu. Nilitaka kwanza nipate suruali ya kuvaa na hadithi ya kusema. Wiki tatu zikapita nikiwa nyuma ya pazia la chumba cha kulala.

Wakati huo ziwa lilikuwa limekwisha kupanda. Lilimeza meza ya Evodie ya kuuzia ndagala, dagaa wa huku kwetu, likaangusha ukuta wa mbele wa nyumba, tukaziba kwa shitingi, lile turubai la plastiki. Serikali ikatangaza chakula kwa waliopatwa na maji: unga, maharage na mafuta, kila mwezi kwa miezi sita. Evodie akaenda biro, ofisi yao, kujiandikisha. Wakamuuliza mumewe yuko wapi, akasema Manono. Wakamwambia mwenye mume Manono ana mtu wa kumtumia, awapishe wajane na vilema.

Ndipo nikatamka maneno ninayoona haya kuyaandika hata leo.

"Rudi kule biro. Sema nimekufa."

Evodie hakupiga kelele. Aliweka chini mchi wa kupondea sombe, majani ya muhogo, akaniangalia.

"Papa Princesse, weye uko na akili?"

"Princesse amekula nini leo?"

Akauokota tena mchi.

"Nimekuuliza."

"Unajua. Si ulimuona?"

"Basi. Muntu aliyekufa hatumi kitu. Watakuandika."

"Na Mungu atasema nini?"

"Mungu anajua niko muzima. Na si yeye njo anaandika listi."

Nilikuwa hodari wa maneno namna hiyo. Mimi ndiye yule yule niliyekuwa nikipita mbele ya wakimbizi wa Nyunzu walipopanga foleni ya unga, nikiwaita wavivu kwa sauti ili wasikie. Sasa nilikuwa nimejificha nyuma ya kitambaa, namtuma mke wangu akaombe kwa jina la maiti yangu.

Alikwenda. Alirudi na karatasi yenye mistari mitatu mitupu. Kwa kuwa mjane hakuwa na cheti cha kifo, walitaka sahihi tatu: ya shefu wa avenyu, ya jirani, na ya kiongozi wa kanisa. Shefu wetu, Papa Augustin, alitia sahihi huku akitikisa kichwa kwa huruma. Jirani yetu Papa Urbain naye alitia sahihi, akatoa na machozi mawili.

Ikabaki ya kanisa, yaani ya Mama Thérèse, anayeongoza shirika letu, ile jumuiya ndogo ya Wakatoliki wa avenyu yetu inayosali nyumba kwa nyumba. Alikuja mwenyewe mchana ule ule. Aliketi upande wa pili wa pazia, karibu sana, hata nikasikia anavyohema.

"Alikufa siku gani?"

"Mwezi wa tatu, Mama," Evodie akasema. "Shimo lilimuangukia. Walimuzika kule kule."

"Na weye ulinyamaza miezi yote hii?"

"Nilikosa nguvu ya kusema."

Mama Thérèse akaipitia karatasi, akairudisha. Kisha akasema, "Mama Princesse, mimi sitatia sahihi."

Nilidhani ameniona miguu chini ya pazia.

"Shirika haiwezi kushuhudia muntu ambaye haikumulilia," akaendelea. "Wakituuliza tulikaa kilio siku gani, tutajibu nini? Kesho tunakuja na mikeka. Siku tatu. Kiisha nitatia sahihi hata mara kumi."

Sisi wajanja hatukuwaza hilo. Tuliwaza ajenti wa serikali anayeandika majina, tukawaza karatasi, tukawaza listi. Tulisahau kwamba Kalemie mtu akifa, watu huja.

Jioni nikamwita binti yangu Princesse. Ana miaka tisa. Mdogo wake bado hajui kusema, huyo hakunitia wasiwasi.

"Watu wakikuuliza, utasema Papa alikufa Manono. Shimo lilimuangukia. Umesikia?"

"Nilie?"

"Ukiweza."

Akafikiri. "Na kiisha kilio, nitakuita nani?"

Nilimwambia aende akalale.

Asubuhi ya Jumamosi walikuja. Nilisikia mikeka ikitandikwa, sufuria zikishushwa, wanawake wakianza nyimbo za marehemu. Mimi nililala chali kitandani nikijiona kama maiti kweli, ila maiti haisikii njaa.

Kisha nikasikia Mama Thérèse akisema, "Tutakunyoa, mwanangu."

"Mama, nywele muniachie."

"Watu watasema haukumupenda. Kaa chini."

Nywele zile Evodie alizisuka juma nililorudi. Alikopa uzi kwa rafiki yake ili nimwone mzuri. Nikajiambia: akilia, nitatoka. Nitatoka na aibu yangu yote, na wanipige wakitaka. Nikasikia mkasi. Halafu nikasikia wembe. Halafu Evodie akalia, kilio cha kweli kabisa, na wanawake wote wakamfuata.

Sikutoka.

Baada ya sala Papa Augustin akasimama kusema habari zangu. "Cyrille alikuwa muntu wa heshima. Huyu muntu hakuomba hata chumvi kwa jirani. Alijitegemea mupaka siku ya mwisho." Watu wakaitikia kwa huzuni. Ningependa zaidi anitukane. Nilijifunika uso kwa mto nikauma kitambaa.

Mchana wakagawa chakula. Bukari, yaani ugali, sombe yenye mawese, na samaki wa mikebuka wa kukaanga. Evodie akasema anakwenda kujinyoosha kidogo, akaingia na sahani yake, akaniwekea juu ya kitanda bila kuniangalia. Kichwa chake kilikuwa kitupu na kidogo, kama cha msichana.

Msomaji, nilikula. Nilikula chakula cha kilio changu mwenyewe na kulamba vidole, na nilipomaliza nilitamani sahani ya pili. Sitaki unihurumie hapo.

Siku ya pili ndiyo iliyoniua. Mama Thérèse alikuja mchana, amechangamka kama mtu aliyefanya jambo jema.

"Nimepeleka komunike kwa radio. Wameisoma leo asubuhi."

"Komunike gani, Mama?" Evodie akauliza.

"Ya kifo! Familia yote ijulishwe, ya Kabalo na ya Ankoro. Mama yake si yuko Ankoro? Watu wa Ankoro wanaokaa huku wamesikia, wamesha kupiga simu kule."

Mama yangu anaitwa Émérence. Ni mjane wa kweli, si wa karatasi. Alizaa watoto watano, akazika wanne, nikabaki mimi. Alinisomesha kwa kuuza samaki wa moshi, akivuka mto Luvua kwa mtumbwi kila siku ya soko.

Evodie akaingia chumbani mara moja. Alinipa simu yake.

"Piga kwa mama yako."

"Mama hana simu," nikanong'ona. "Nitapiga kwa Bénit, jirani yake. Bénit akijua, Ankoro yote inajua. Watapiga huku, na jambo litakuwa limeharibika."

"Acha liharibike!"

"Na chakula? Ajenti anakuja Alhamisi kuangalia nyumba na kuleta karti ya chakula. Siku ine tu, Evodie."

"Cyrille." Siku hiyo hakuniita Papa Princesse. "Ule njo mama yako."

"Atalia siku ine. Kiisha nitapiga, atafurahi kupita siku niliyozaliwa."

Alishika simu mkononi muda mrefu, akingoja niichukue. Sikuichukua. Uongo wa listi naweza kuusingizia njaa. Huu sina cha kuusingizia. Nilijua mama yangu anagaagaa chini, nikaona anaweza kuvumilia.

Jumatatu kilio kikaisha, mikeka ikakunjwa, Mama Thérèse akatia sahihi kubwa. Nikaanza kungoja Alhamisi.

Alhamisi ikafika, ajenti hakufika. Gari lao lilikwama kwenye tope, wakasema watakuja Jumatatu. Nikasema, basi, Jumatatu. Toka siku ya komunike Evodie hakunisemesha tena, aliniwekea tu chakula na kuondoka.

Kila alfajiri nilitoka kwenda chooni nikiwa nimejitanda kitenge chake kichwani, nachechemea. Asubuhi moja Papa Urbain alikuwa amesimama upande wa pili wa uzio wa matete.

"Jambo, Mama Princesse. Jikaze. Mungu iko."

Nikakohoa, nikapita. Nyuma yangu nikamsikia akimwambia mkewe kwamba yule mama huzuni imemtia hata kilema cha mguu.

Jumatatu saa nne ajenti akaja. Jina lake Monsieur Didier, kijana mwenye adabu, ana tableti na mfuko wa karti. Papa Augustin alimfuata, Mama Thérèse alimfuata, na nusu ya avenyu ilisimama mbele ya shitingi kuangalia. Nilitoboa pazia tundu dogo kwa kidole.

Akasoma majina. Akaangalia alama ya maji kwenye ukuta. Akaangalia kichwa cha Evodie kilichonyolewa, akainamisha macho.

"Pole sana, Mama. Na huyu mutoto?" Akainama kwa Princesse. "Papa yako yuko wapi?"

"Alikufa Manono. Shimo lilimuangukia."

Alisema bila kupepesa macho. Nilimfundisha mimi, na alikuwa amefundishika vizuri kuliko nilivyotaka.

Monsieur Didier akatoa karti kwenye mfuko. "Bon. Mama, weka kidole hapa, kiisha karti ni yako. Chakula cha kwanza ni Jumamosi."

Evodie akanyoosha kidole. Nje pikipiki ikasimama.

"Cyrille! Cyrille wangu!"

Sauti ile ningeitambua hata chini ya shimo. Watu wakapisha. Mama yangu akaingia amejaa vumbi jekundu kutoka kichwa hadi miguu, kitenge kimepasuka, macho yamevimba. Mwanamke wa miaka sabini aliyekaa siku tano nyuma ya pikipiki. Wanawake wakapiga magoti kumpokea, Evodie akiwa wa kwanza.

"Pole, Mama. Karibu, Mama."

Mama hakumpa mkono.

"Nimepitia Manono," akasema. "Nilitaka nione kwanza kaburi ya mutoto wangu. Nimeuliza shimo kwa shimo. Hakuna muntu amenionyesha kaburi."

Akajifuta vumbi usoni.

"Wachimbaji wameniambia Cyrille hakufa kule. Wameniambia alitoka muzima, mbele ya hii mvua, akasema anarudi kwa bibi yake." Akamwelekezea Evodie kidole. "Alirudi hapa. Umemufanya nini?"

Monsieur Didier akarudisha karti kwenye mfuko taratibu.

"Mama Princesse," Papa Augustin akasema, na sauti yake haikuwa tena ya huruma. "Jibu. Mimi nimetia sahihi yangu hapo."

Evodie alikuwa bado amepiga magoti. Alifunga macho. Hakujibu.

"Ameua bwana yake kwa ajili ya unga!" mtu akapiga kelele nje.

"Muite polisi!"

"Yezu wangu," Mama Thérèse akasema, akarudi nyuma hatua moja, kama vile Evodie ana ugonjwa.

Sasa nisikilize vizuri, msomaji, kwa sababu hapa ndipo nilipojijua. Kati yangu na mke wangu palikuwa na hatua tatu na kitambaa. Neno moja tu, "niko hapa," na asingekuwa muuaji. Ningeweza kusema mguu ulinikatalia. Mguu haukuniuma hata kidogo siku hiyo. Niliona nyuso za watu wale kupitia lile tundu, watu walioambiwa sikuomba hata chumvi, nikashindwa kuzikabili.

Evodie hakugeuka hata mara moja kuangalia pazia. Angeweza kunyoosha mkono na kulivuta. Hakunisaliti, hata wakati huo.

"Hajibu," mama akasema. "Basi mimi mwenyewe nitaangalia chumba alicholala mutoto wangu."

Akaja. Nilirudi kitandani, nikasikia ndala zake, nikasikia mkono wake ukishika kitambaa. Akakisogeza kiasi cha upana wa uso wake tu.

Tulitazamana.

Mama yangu, ambaye kwa siku nane aliamini nimekufa, aliniona nimekaa kitandani, mzima, nimenenepa kidogo kwa vyakula vya matanga. Niliona furaha ikimpanda usoni, furaha ambayo sijawahi kuiona kwa mtu. Alifungua mdomo kupiga kelele.

Na mimi, badala ya kumwangukia miguuni, nikaweka kidole juu ya midomo. Nikamwambia mama yangu anyamaze.

Furaha ile ikakatika palepale. Aliangalia kidole changu. Aliangalia sahani tupu pembeni ya kitanda, na kitenge cha mke wangu begani kwangu. Akaangalia nyuma, kwa Evodie aliyepiga magoti na kichwa kitupu mbele ya watu. Halafu akaniangalia tena, taratibu, kama mtu anayesoma barua asiyotaka kuiamini.

Akateremsha pazia.

"Hakuna muntu humu," akasema.

"Mama una hakika?" Papa Augustin akauliza.

"Wachimbaji ni walevi. Nimeangalia mwenyewe. Andika, mwanangu. Mimi njo mama yake, na mimi nashuhudia. Mutoto wangu Cyrille amekufa."

Sauti yake haikuwa na machozi hata tone. Nikasikia watu wakishusha pumzi, nikasikia mfuko ukifunguliwa, nikasikia Monsieur Didier akisema, "Kidole hapa, Mama. Asanti. Poleni sana." Karti ilikuwa yetu. Miezi sita ya unga. Nilijiangusha kitandani, nikamshukuru Mungu, nikajisemea kwamba mama ni mama.

Nilishukuru mapema.

"Ngojeni, musitoke," mama akasema. "Papa Shefu, na weye Mama wa shirika, nataka musikie mbele ya watu wote. Kwetu Ankoro, mujane ni wa familia. Hatumuachi peke yake kwa nyumba iliyovunjika."

"Njo desturi," Papa Augustin akaitikia.

"Jumamosi mwanangu huyu atapokea chakula cha kwanza. Kiisha ninamupeleka Ankoro, yeye na watoto. Nitamutafutia bwana mwingine, muntu anayejua kusimama mbele ya watu. Kuna anayekataa?"

Hakuna aliyekataa. Nani angekataa? Mwenye haki ya kukataa alikuwa marehemu, na marehemu alikuwa amekaa kitandani, amejiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Mama Princesse," mama akauliza, kwa upole ambao hajawahi kunipa hata mimi. "Utakuja?"

Nilibandika jicho kwenye tundu. Nilingoja Evodie aseme hapana. Nilingoja ageuke, hata kwa nukta moja, aangalie pazia.

Alijipangusa magoti. Alimpa Princesse mkono. Na yeye ambaye hakuwa amenisemesha kwa siku nane, akajibu kwa sauti ambayo avenyu nzima iliisikia:

"Ndiyo, Mama. Tutakuja."